Kabini Ndiyo Kwao: Afya ya Watu Wanaoishi Ndani ya Magari

Katika mwalo wa Mwigobero, mjini Musoma, kalenda inayotawala ni ya mwezi. Usiku wa giza mitumbwi huingia ziwani na taa zake, dagaa wakavutwa na mwanga, na kunapokucha ufukwe hujaa. Mwezi ukipevuka, dagaa hawazifuati tena taa. Uvuvi husimama kwa siku kadhaa, na malori nayo husimama. Semi na Fuso zilizokuja kupakia magunia hujipanga kandokando ya barabara ya kushukia ziwani, turubai zimekunjwa, na ndani ya kila kabini kuna mtu aliyehamia humo zamani. Hulala humo, hufua shati na kulianika kwenye kioo cha pembeni, huchemsha chai kwenye ngazi ya mlango, na ukimwuliza kwake ni wapi, atakutajia mji alioulala mara ya mwisho miezi miwili iliyopita.

Makala haya yanamhusu mtu huyo. Yanawahusu pia wahudumu wa afya wanaompokea, ambao mara nyingi humwuliza maswali yote isipokuwa moja: unalala wapi?

Nianze na wageni, kwa kuwa wao ndio walionifumbua macho. Mara kwa mara hupita Musoma magari makubwa yenye namba za Ulaya. Yametoka Serengeti kwa lango la Ndabaka na yanaelekea Sirari ili kuvuka kwenda Kenya. Ni nyumba kamili juu ya magurudumu: kitanda, jiko, jokofu dogo linaloendeshwa na umeme wa jua, tangi la maji safi na tangi la maji machafu. Mwaka mmoja nilikaribishwa ndani ya gari la namna hiyo na mume na mke wastaafu, waliouza nyumba yao na kuishi barabarani. Nilitarajia kusikia habari za starehe. Nilichosikia kwa saa nzima ni habari za maji, choo na dawa: wapi pa kujaza tangi bila kuugua tumbo, wapi pa kumwaga choo katika nchi isiyo na vituo vya kazi hiyo, na namna ya kupata kidonge kilekile katika miji ambayo kila duka lina jina lake la biashara. Mama yule alikuwa na bahasha ya plastiki, na ndani yake karatasi moja iliyopigwa chapa: majina asilia ya dawa zake, vipimo, mzio, kundi la damu na simu ya mwanawe. Aliniambia kwamba katika gari lote, hakuna kifaa wanachokitunza kuliko karatasi ile.

Nikashuka ngazi, nikatazama malori yaliyopangana mbele yangu, nikajiuliza ni wangapi humo wenye karatasi kama ile. Tofauti ya watu hawa wawili ni kubwa, kwani mmoja amechagua maisha hayo na mwingine amechaguliwa nayo. Lakini matatizo ya mwili ni yaleyale, na anayelipwa kwa safari ana nafasi ndogo zaidi ya kuyatatua.

Dereva na kidonge cheupe

Jioni moja tulipoweka meza ya kupima shinikizo la damu hapo mwaloni, alikuja mzee mmoja, dereva wa semi, mwenyeji wa Singida. Aliletwa na utingo wake, kijana wa Bunda.

"Shikamoo mzee wangu."

"Marahaba, mwanangu. Nimesukumwa na huyu mura. Kasema mnapima bure."

Kipimo kilisoma 186 kwa 110. Tukasubiri, tukarudia, kikasoma vilevile. Mzee hakushangaa. Alimtuma kijana kabini, akarudi na mfuko mweusi uliokuwa chini ya kitanda. Ndani yake mlikuwa na pakiti za dawa za shinikizo na za kisukari, nyingine zikiwa zimepita muda wake, na kadi ya kliniki ambayo mtu fulani alikuwa ameandika kwa wino mwekundu: hafuati masharti ya dawa.

"Si kweli kwamba sinywi," alisema. "Nakunywa nikiwa nimeegesha. Nikiwa njiani siwezi. Hiki cheupe kidogo kinanikojoza. Toka hapa mpaka Mwanza nisimame mara ngapi? Tela lina tani 30, mwanangu, si pikipiki."

Kidonge hicho kilikuwa bendroflumethiazide, dawa nzuri, ya bei nafuu, inayopatikana mpaka zahanati za vijijini. Kazi yake ni kuufanya mwili utoe chumvi na maji kupitia figo. Adha ya kukojoa huwa kubwa katika siku na majuma ya mwanzo, kisha mwili huizoea na adha ikapungua. Lakini mzee huyu hakuwahi kufika huko. Alikunywa akiegesha, akaacha akisafiri, akaanza tena akiegesha. Hivyo kwa miaka kadhaa alikuwa akiishi juma la kwanza la dawa, akirudia adha yake yote bila kupata faida yake. Hakuna aliyemweleza, kwa kuwa hakuna aliyemwuliza. Wino mwekundu ulikuwa umemaliza mazungumzo.

Yapo mambo mawili ya kufanya kwa mgonjwa kama huyu, na yote mawili yako ndani ya uwezo wa kituo cha afya. La kwanza ni kuchagua dawa inayolingana na maisha yake. Amlodipine, kwa mfano, hunywewa mara moja kwa siku, haimsimamishi mtu njiani, na hukaa mwilini muda mrefu kiasi kwamba kuchelewa saa chache hakuharibu kitu. Ina kasoro yake: huweza kuvimbisha vifundo vya miguu, na dereva anayekaa kitako saa 10 tayari miguu yake huvimba. Basi aelezwe mapema, asije akaogopa akaiacha. La pili ni kwamba kama dawa ya kukojosha ni ya lazima, ipangiwe saa. Dereva anayesafiri mchana aweza kuinywa anapofunga safari, mradi bado ana saa kadhaa kabla ya kulala. Mwongozo wa "asubuhi, asubuhi" uliandikwa kwa mtu mwenye choo karibu.

Nami niseme neno juu ya choo chenyewe, maana waandishi wa afya hulikwepa. Msafiri wa basi husimamishiwa gari akachimbe dawa porini. Dereva wa lori huamua mwenyewe, na wengi huamua kutokunywa maji. Hujizuia kutwa nzima, kisha hujazia kiu kwa soda na vinywaji vya kuongeza nguvu. Matokeo yake tunayaona kliniki: mkojo mzito wenye kuchoma, vijiwe vya figo, haja ngumu na bawasiri. Chupa ya kukojolea ndani ya kabini si aibu, alimradi ina kifuniko, imeandikwa, haifanani na ya maji ya kunywa, na haitupwi dirishani. Kwa wanawake jambo ni gumu zaidi. Wachuuzi wa dagaa wanaosafiri na mizigo yao hukaa safari nzima bila kunywa, kwa kuchelea kushuka mahali pasipo na stara. Wengi wao tukiwatibu maambukizi ya njia ya mkojo kila baada ya miezi miwili, tusiandike dawa tu bila kuuliza habari za safari.

Sukari, mizani na joto

Mzee wetu alikuwa pia na kisukari, na hapa ndipo niliposhtuka kuliko pale kwenye shinikizo. Alikuwa akitumia glibenclamide. Dawa hii huisukuma kongosho itoe insulini, iwe mtu amekula au hajala. Mwenye nyumba akichelewa chakula huingia jikoni. Dereva akichelewa hukwama kwenye foleni ya mizani au ya mpakani, tumbo tupu, dawa ikifanya kazi. Sukari hushuka: mikono hutetemeka, jasho baridi, moyo huenda mbio, kisha akili huchelewa na macho huona viwiliviwili. Mtu wa namna hiyo akiwa kitini sebuleni, mkewe atamkorogea chai ya sukari. Akiwa na tani 30 nyuma yake kwenye mteremko, habari ni nyingine.

Kwa hiyo kila mgonjwa wa kisukari anayeendesha gari aulizwe anatumia dawa gani. Metformin peke yake ni nadra kushusha sukari kiasi cha hatari. Glibenclamide na insulini zinaweza. Anayetumia hizo apime kabla ya kuwasha gari, na sukari ikiwa chini ya milimoli 5 kwa lita, ale kwanza. Akihisi dalili njiani, aegeshe, azime injini, anywe soda yenye sukari au glukosi, ale kitu kizito kama mkate au ndizi, kisha asubiri angalau dakika 45 baada ya sukari kurudi sawa. Ubongo huchelewa kupona kuliko damu. Na soda hiyo ikae mlangoni, mahali mkono unapofika. Utingo naye afundishwe, kwa kuwa mwenye sukari iliyoshuka mara nyingi hubisha kwamba yu mzima.

Ama insulini, adui yake ni joto. Chupa ambayo haijafunguliwa hutunzwa kati ya nyuzi 2 na 8. Iliyofunguliwa huvumilia joto la kawaida la chumba, hadi nyuzi 30, kwa muda wa majuma manne. Lakini kabini iliyofungwa juani hupita nyuzi 50, na kisanduku cha mbele ya kioo ni tanuri. Wagonjwa wengine, kwa kuogopa joto, huigandamiza chupa kwenye barafu ya muuza samaki. Ikiganda imekufa, hata ikiyeyuka na kuonekana safi. Njia bora ni ya bibi zetu: mtungi wa udongo wenye maji, chupa ya dawa ikiwa ndani ya kopo kavu lililofunikwa. Maji yanayopenya udongo na kukauka huondoka na joto. Mwaka 2021 watafiti wa Chuo Kikuu cha Geneva pamoja na Madaktari Wasio na Mipaka walichapisha matokeo ya kupima joto katika kambi ya wakimbizi ya Dagahaley, huko Dadaab, Kenya, ambako nyumba hupanda kati ya nyuzi 25 na 37 kwa siku. Waligundua kwamba insulini iliyokaa katika hali hiyo kwa majuma manne haikupoteza nguvu yake kwa kiasi cha kumdhuru mgonjwa. Hilo ni faraja, lakini nyuzi 37 si nyuzi 50. Dereva akishuka kwenda kula, insulini ishuke naye.

Moto ndani ya chumba kidogo

Kisa hiki kitawagusa zaidi wanaosafiri nyanda za juu, kwa sababu Musoma si mji wa baridi. Hata hivyo mvua za masika zinapopiga ziwani, madirisha hufungwa, na jiko huingia ndani. Wengine hutumia mtungi mdogo wa gesi, wengine jiko la mchina la mafuta ya taa, na wengine jiko la mkaa, ambalo huachwa liwake polepole ili kabini ipate joto na mbu wakimbie.

Mkaa ukiungua mahali pasipo na hewa ya kutosha hutoa gesi ya kaboni monoksidi. Haina rangi, haina harufu, haiwashi koo. Huikamata damu kwa nguvu inayozidi ya oksijeni mara 200 na zaidi, na anayeivuta husikia kichwa kinauma, kichefuchefu na uchovu, kisha usingizi. Kwa dereva aliyetoka safari ya mchana kutwa, dalili hizo zote ni za kawaida. Hulala, asiamke.

Kwa wahudumu wenzangu nina jambo moja la kusisitiza hapa, kwa kuwa nimeona likiwapotosha hata wenye uzoefu. Mgonjwa akiletwa alfajiri kutoka kabini, amechanganyikiwa au anatapika, kile kipimo cha kidoleni cha oksijeni kinaweza kusoma 98 au 99. Kipimo hicho hakitofautishi damu iliyobeba oksijeni na iliyobeba gesi hiyo. Usimwambie utingo kwamba hewa yake ni nzuri, ukaishia kumpa dawa ya malaria. Uliza kama kulikuwa na jiko, uliza kama mwenzake naye anaumwa kichwa, mpe oksijeni nyingi kwa barakoa, na umpe rufaa. Wakiugua wawili kwa pamoja waliolala kabini moja, fikiria moto kwanza.

Na kwa mwenye kabini: jiko lisiingie ndani, hata dirisha likiwa wazi kidogo, hata kwa dakika chache. Akihitaji joto, blanketi la pili lina bei ndogo.

Ziwa mlangoni

Anayeishi ndani ya gari huoga anapopata maji, na Mwigobero maji yapo hatua chache tu. Jioni utawaona madereva na utingo wao ukingoni, ndoo na sabuni, wakijisugua huku wakipiga soga na wavuvi. Ni raha, na sitaki kuonekana mwenye kuipiga marufuku raha ya watu waliochoka. Lakini Ziwa Victoria lina kichocho cha tumbo. Vimelea vyake hutoka kwa konokono wanaoishi maji ya kina kifupi yenye majani, na hupenya ngozi isiyo na jeraha kwa dakika chache. Miaka baadaye huleta kuharisha damu, ini na bandama kuvimba, na mwisho kutapika damu. Mwenyeji wa hapa huingia katika kampeni za kumeza dawa. Dereva wa Singida au Iringa, aliyeoga ziwani mara 40 katika miaka 5, hayumo katika orodha ya mtaa wowote.

Maji ya ziwa yakichotwa na kukaa kwenye pipa siku 2 bila konokono, vimelea hivyo hufa, nayo hufaa kuogea. Kwa kunywa, ni kuchemsha au kutumia vidonge vya klorini, kwani kukaa tu hakuui vijidudu vya kipindupindu. Na mhudumu wa kituo chochote nchini, hata kilicho mbali na ziwa, amkumbuke mgonjwa wa tumbo la muda mrefu ambaye kazi yake ni barabara. Prazikwanteli hupimwa kwa uzito, miligramu 40 kwa kila kilo, na haina maajabu.

Mbu ni habari nyingine ya ziwa. Mkoa wa Mara una malaria nyingi, na anayetoka Arusha au Njombe huja na damu isiyoizoea. Chandarua cha kitanda cha futi nne hakikai kabini, hivyo madereva wengi hawana. Niliona kimoja kilichokatwa na kushonwa upya na fundi cherehani wa sokoni, kikining'inia kwa kulabu nne. Homa ikija, ipimwe siku hiyo hiyo, na dozi ya mseto iishe yote sita, ikinywewa pamoja na chakula chenye mafuta kidogo. Wengi huacha ya nne wakijiona wamepona, kisha homa hurudi wakiwa mbali. Kwa waliopita ndani ya Serengeti, wawe wageni wa magari yale makubwa au madereva wetu, homa isiyo na malaria iulizwe habari za mbung'o. Mwaka 2001 watalii kadhaa waliotembelea hifadhi za Tanzania waliugua malale, baadhi yao wakagunduliwa wakiwa wamekwisha kurudi kwao. Mbung'o hufuata gari linalokwenda na hupenda kitambaa cha buluu na cheusi. Kidonda chekundu mahali alipouma, pamoja na homa, kitoshe kumfanya mtaalamu wa maabara aitazame damu tena kwa darubini.

Mwanakaya asiyehesabiwa

Tunapogundua kifua kikuu, tunauliza: unaishi na nani nyumbani? Dereva hujibu kwa uaminifu: mke na watoto watatu, wako Singida. Tunaandika majina, tunatuma ujumbe, watoto wanapimwa. Utingo amesimama nje ya mlango akisubiri, na hakuna aliyemwona.

Familia ile imemwona baba siku nne katika miezi miwili. Utingo amevuta hewa ya kabini moja naye, vioo vimefungwa kwa sababu ya vumbi, usiku na mchana. Kama yupo mtu wa kupimwa kwanza ni yeye. Tangu nilipolitambua jambo hili nimeacha neno "nyumbani" katika swali hilo. Nauliza: unalala chumba kimoja na nani, pamoja na ndani ya gari?

Matibabu ya kifua kikuu cha kawaida ni miezi 6, na hakuna dereva anayekaa mahali pamoja miezi 6. Kadi na barua ya uhamisho si upendeleo. Ni sehemu ya dawa. Kadhalika virusi vya UKIMWI. Historia ya ugonjwa huo kwetu inajulikana: wagonjwa watatu wa kwanza walitambuliwa mkoani Kagera mwaka 1983, na tangu hapo madereva wamebeba lawama kubwa kuliko sehemu yao. Leo kidonge ni kimoja kwa siku, na mgonjwa aliyetulia hupewa dawa za miezi 3 au 6 kwa mara moja, jambo lililowafaa wasafiri kuliko hotuba zote. Anayeishiwa akiwa mbali anaweza kwenda kliniki ya tiba na matunzo iliyo karibu na kadi yake. Asirudishwe kwa sababu si wa pale. Wahudumu wakumbuke pia kwamba dolutegravir hupandisha kiwango cha metformin mwilini, hivyo mwenye magonjwa yote mawili asizidi gramu 1 ya metformin kwa siku. Na kondomu zilizokaa mwezi mzima kwenye kisanduku cha mbele zimeharibiwa na joto, atumie mpya.

Wapo waliofikiri kwa ukubwa zaidi. Mwaka 2005 Shirika la Mpango wa Chakula Duniani na kampuni ya usafirishaji ya TNT, baada ya kuona madereva wa kubeba chakula cha msaada kusini mwa Afrika wakifa, walifungua zahanati ndani ya kontena huko Mwanza. Si Mwanza yetu, bali Mwanza ya Malawi, mpakani na Msumbiji. Kutokana na kazi hiyo likazaliwa shirika la North Star Alliance, ambalo limeweka vituo vya namna hiyo kwenye njia kuu kadhaa za Afrika. Siri yake si kontena. Ni saa za kazi: hufunguliwa jioni, dereva anapoegesha. Kliniki zetu nyingi za magonjwa sugu huanza saa 2 asubuhi na kumaliza kabla ya adhuhuri, saa ambazo lori liko barabarani au kwenye mizani.

Usingizi

Sitalirefusha hili, si kwa sababu ni dogo, bali kwa sababu kila dereva analijua na si yeye peke yake mwenye uamuzi. Mtu aliyekesha saa 17 huendesha kama mwenye kiasi cha pombe katika damu ambacho nchi nyingi zimekikataza. Vinywaji vya kuongeza nguvu na mirungi, ambayo kwetu ni haramu kisheria, huficha usingizi bila kuulipa. Dereva mnene anayekoroma sana na kusinzia mchana hata akilala saa 8 apimwe tatizo la kukatika pumzi usingizini. Lakini posho inayolipwa kwa haraka ya kufika haitibiki hospitalini, na mwenye gari anayepiga simu kila saa kuuliza "umefika wapi" naye anashika usukani.

Karatasi ya mzee

Yule mzee tulimbadilishia dawa ya shinikizo, na kwa kushauriana na daktari wa hospitali ya mkoa pale Kwangwa, glibenclamide ikaachwa. Kisha nikamwandikia karatasi kama ya mama yule mgeni: majina asilia, vipimo, mzio, simu ya mkewe. Utingo alikwenda kuifunika kwa plastiki kwenye duka la kutoa nakala, shilingi mia kadhaa, na wakaibandika upande wa ndani wa kisogeo cha jua juu ya usukani. Kadi yake ya bima inatumika mikoa yote, ila ikivuka Sirari haimsaidii, kwa hiyo upande wa nyuma tuliandika akiba ya dawa anayopaswa kuwa nayo kabla ya kuvuka mpaka.

Ikabaki tarehe ya kurudi. Nilifungua daftari nikataja siku baada ya majuma manne. Akahesabu kwa vidole, akatikisa kichwa.

"Siku hiyo mwezi utakuwa mkubwa, mwanangu. Nitakuwa Tunduma. Andika giza."

Tukaandika giza. Alirudi usiku wa pili wa giza hilo, saa 2 usiku, kipimo kikasoma 148 kwa 90, miguu imevimba kidogo. Alimleta utingo ambaye alikuwa akikohoa kwa majuma matatu na hakuwa amemwambia mtu. Tulichukua makohozi usiku huohuo, na asubuhi lori lilipokuwa likipakiwa, kijana alikuwa ameketi kwenye benchi la maabara, akisubiri jina lake liitwe.